Wali Uliolala na Joto

Nyinyi mnaopika siku za harambee mashuleni sasa, niwaambie jambo. Nzi tulimweza. Vumbi tulilimwagia maji. Aliyetushinda sisi ni mgeni rasmi. Barua inasema saa nne, yeye anaingia saa nane na nusu, na huwezi kumlaumu, pengine ana harambee nyingine mbili siku hiyohiyo. Lakini chakula hakisomi barua. Kuku wamechinjwa, nazi zimekunwa, watoto wamekaa chini wameelekeza macho jikoni tangu asubuhi, na mwenyekiti anakuja kila mara kukwambia usipakue kwanza.

Jina langu ni Dama, ila shuleni kila mtu aliniita Mama Charo. Nilikuwa mpishi wa shule ya msingi, ukishuka barabara kuu pale Matsangoni unaelekea upande wa bara. Uji wa watoto wadogo, chai ya walimu, na harambee zikija, mafiga ni yangu. Miaka ile ya themanini serikali ilileta darasa la nane, na kila shule ikatakiwa iongeze chumba, na karakana, na mahali pa wasichana kujifunzia upishi. Basi kila muhula harambee. Shule nyingine zikaanza kuniazima, hadi Watamu nimepika.

Kupika kwa watu wengi nilifunzwa na Bi Rukia wa Barani, kule Malindi. Huyu alikuwa mpishi wa arusi, mama wa makamo, mweupe wa ngozi, hapendi maneno mengi. Mimi nilikuwa kijakazi wake wa nazi: nakaa juu ya mbuzi tangu alfajiri nakuna mpaka vidole vinakufa ganzi. Miaka miwili hakuniruhusu kushika mwiko. Siku aliyoniruhusu alinipa masharti, na mpaka leo nayajua kwa mpangilio wake. Mikono kwa sabuni ya mche, kisha maji ya kumiminiwa, si ya kutumbukiza. Kisu cha kuku hakikati kachumbari. Ukitaka kuonja, mimina kidogo kwenye kiganja, usirudishe mwiko uliotoka mdomoni. Usizungumze ukiwa umeinamia sufuria. Kama una umbea, nenda ukautoe nje. Na tui, tui la nazi, likiingia chakulani, hesabu saa zako, maana halikawii kuchacha.

Kuhusu mgeni rasmi alikuwa na dawa yake. Alisema: "Akichelewa, chelewesheni moto. Chakula msikicheleweshe." Maana yake mchele unaoshwa, nazi zinakunwa, vitunguu vinakatwa, kuni zinapangwa, kisha mnakaa. Mtu mmoja anawekwa barabarani. Gari likionekana, moto unawashwa. Hotuba za harambee ni ndefu kuliko wali. Mpaka mwenyekiti amalize kuwatambulisha wageni, na kwaya iimbe, na mgeni ajibu, wali umeshakauka maji.

Nimekumbuka kisa cha samaki. Ilikuwa harambee ya shule moja huko Watamu, na wavuvi wakachanga jodari wakubwa. Waliletwa kwa baiskeli asubuhi, wakaachwa ndani ya pakacha nyuma ya darasa, hakuna aliyekumbuka jua linageuka. Saa sita Bi Rukia akafika, akakata kipande, akakikaanga, akakiweka kwenye ncha ya ulimi. Akatema. Akasema huyu anawasha, watupeni wote. Sasa palikuwa na mwalimu mgeni ametoka bara, Ukambani, kijana anayejua vitabu, Mwalimu Muthoka. Akabishana kwamba moto unaua kila kitu, na yeye ameona nyama iliyokaa kuliko hiyo. Bi Rukia hakubishana. Mwalimu akala vipande viwili vizima, akajifuta mdomo. Wakati wa kutoa shukrani ukafika, akasimama mbele ya wazazi, uso umemvimba, masikio yamewaka, anajikuna shingo kwa karatasi ileile ya hotuba. Jioni alipona. Jodari akikaa juani, ule muwasho haupikiki ukatoka. Ukionja ukahisi kama pilipili, mwaga. Mwalimu Muthoka baadaye alihamishiwa kwetu akawa mwalimu mkuu, na tangu siku ile hakubishana na mpishi yeyote. Mngesema hiyo ni bahati yangu. Ngojeni.

Niwaeleze desturi yetu ya mbaazi, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa. Siku ya harambee kila mama mwenye mtoto shuleni alikuja na sufuria yake ya mbaazi za nazi kutoka nyumbani. Zikifika, zote zinamwagwa kwenye jungu moja kubwa na kukorogwa. Mtu wa mbali angedhani ni kurahisisha kazi. Sababu yenyewe ilikuwa aibu. Zamani sufuria zilipangwa mbalimbali, na watu walipita wakichagua: hii ya Sidi, nipe, hii ya Kadzo, nipe, hii ya Kache, hapana, nimeshiba. Mama akirudi nyumbani na sufuria yake imejaa vilevile, kila mtu njiani anaona. Tukaona heri kumwaga pamoja, asijulikane nani amepika nini, na asiaibike mtu.

Tulimfanyia Kache hivyo, ijapokuwa hakuna aliyesema. Kache alifiwa na mume, kisha kabla ya matanga kusahaulika akafa shemeji yake, na watu wakaanza kuunganisha. Hakuna aliyemwambia kitu usoni. Walikuwa tu hawanunui mahamri yake tena. Alipoona hivyo akaacha mahamri akaanza kushona makuti ya kuezekea, maana makuti hayaliwi. Alikuwa na binti mmoja, Jumwa, wa darasa la pili, mwembamba, sauti kama kengele.

Sasa kosa langu.

Ilitokea harambee ambayo nilifuata maneno ya Bi Rukia barabara, nikachelewesha moto, na kumbe siku hiyo mgeni alikuwa na haraka. Alifika, akasema maneno mafupi, akatoa alichotoa, akaangalia saa. Wali ulikuwa bado unatokota. Akaondoka na njaa. Mzee Katana, mwenyekiti wa kamati, alikuja jikoni na fimbo yake akasimama. Hakupaza sauti. Aliniuliza kama kwetu mgeni huondoka hivyo. Wanawake wote wanasikia. Usiku na mchana yale maneno yalikuwa kichwani mwangu, na harambee iliyofuata ilipotangazwa nikaapa hakuna mgeni atakayenikuta natokosa.

Basi nikajiona nimeerevuka. Nilijua kinachoharibu chakula ni nazi. Kwa hiyo Ijumaa alasiri nikapika nyumbani jungu la wali mweupe, mkavu, bila tone la tui. Nikautoa motoni, nikaufunika kawa, nikauzungushia magunia na blanketi langu zito ili ukae na joto lake. Hesabu yangu ilikuwa Jumamosi nimimine tui la moto juu, nikoroge, na sufuria ya pili ndogo niipike palepale shuleni kwa meza ya wageni. Nilimwambia mtu? Sikumwambia. Nilitaka waone tu chakula kiko tayari.

Asubuhi mimi na mwanangu tulilipeleka kwa mkokoteni. Nilipofunua, joto likanipiga usoni, na harufu nzuri kabisa, ya wali mpya. Nikaonja kwa kiganja, kama nilivyofunzwa. Mtamu. Nikamimina tui la moto na chumvi, nikakoroga. Mpaka leo naukumbuka ule utamu, ndio ulionidanganya.

Mgeni rasmi, wallahi, siku hiyo alifika mapema. Kikundi cha ngoma cha watoto kililishwa kwanza, sima na mbaazi, kwa sababu walikuwa wacheze na hawakuweza kungojea. Kisha, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari kabla ya hotuba, nikawapakulia wanafunzi wengine na mama zao wali wa jungu na mbaazi. Meza ya wageni ikala wali mpya wa sufuria ndogo na kuku, na Mzee Katana akapata firigisi yake, akanitazama akaitikia kwa kichwa kwamba safari hii sawa. Mimi mwenyewe nilikula ukoko wa sufuria ndogo, kama wapishi tunavyokula, mwisho.

Mgeni hajamaliza hotuba, mtoto mmoja akatapika. Tukasema jua. Akatapika wa pili. Kisha wakawa wanainuka mmoja mmoja wanakimbilia nyuma ya darasa la tatu, na mama zao nyuma yao, na baadhi ya mama hao wenyewe wakashika matumbo. Mgeni akakaa chini na karatasi yake mkononi. Tuliwapa maji yenye chumvi kidogo na sukari, kwa kikombe, kidogo kidogo. Wengi walitulia mpaka magharibi. Jumwa wa Kache ndiye aliyezidiwa. Alilegea, akawa hajibu akiitwa, na Mwalimu Muthoka akamchukua kwa baiskeli mpaka zahanati, Kache anakimbia nyuma ya baiskeli leso imefunguka.

Jua halijazama, nikasikia minong'ono. Si kwa sauti kubwa. Mbaazi. Mbaazi zimemwagwa pamoja, na za nani zilikuwemo? Hakuna aliyelitamka jina la Kache mbele yangu, lakini nilipokuwa naosha majungu niliona wanawake wanasogea, wakikaribia wanabadili maneno.

Jumapili nesi wa zahanati, Nesi Eliza, akaja nyumbani kwangu. Alikuwa na daftari. Alitaka kujua nani alikula nini. Mimi kuandika nilikuwa najifunza wakati ule kwenye ngumbaru, kisomo cha watu wazima, naandika jina langu tu na la mwanangu, lakini watu nawashika kichwani. Nikamtajia wote. Nikamwambia waliokuwa kwenye ngoma: Kahindi, Mwaka, mapacha wa Haluwa, Salimu, Tabu, Fatuma, hao walikula sima na mbaazi. Nikamtajia waliokula wali, mstari kwa mstari kama walivyosimama. Nikamtajia hata Baya wa Sidi, ambaye hali mbaazi tangu azaliwe, alipokea wali mtupu. Nesi akaandika, akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akaweka kalamu chini.

"Hawa wa ngoma, kuna aliyeumwa?"

"Hakuna."

"Na walikula mbaazi."

"Walikula, wakaongeza."

"Na huyu Baya hakuzigusa, na aliumwa."

Nilikuwa nimeshaona, kabla hajamaliza. Majina yalijipanga yenyewe kichwani, kila aliyetapika alikuwa amepokea kutoka mkono wangu, kutoka jungu lile.

"Mama Charo, wali ulipikwa lini?"

Nikasema, "Asubuhi."

Sufuria ndogo ilipikwa asubuhi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nesi akasema basi huenda ni maji, atakwenda kuangalia kisima. Akaniaga. Nilimsindikiza mpaka kwenye mikorosho, nikarudi, nikaketi kizingitini, na lile blanketi langu liko kwenye kamba limeanikwa.

Hebu nielezeni nyinyi mlio wadogo, mngefanyaje? Nilikuwa mjane nusu, mume yuko Mombasa haleti habari. Ule mshahara wa upishi ndio uliomsomesha Charo. Nikisema, nimefukuzwa. Nisiposema, hakuna anayenishuku, ila kuna mwanamke mmoja ambaye watu tayari walikuwa wamekwisha kumhukumu.

Jumatatu paliitwa mkutano wa wazazi ndani ya darasa la saba. Watu wamejaa mpaka madirishani. Kache alisimama mlangoni, hakupewa nafasi kwenye benchi na hakuomba. Jumwa alikuwa bado zahanati, ameanza kunywa uji. Mzee Katana akafungua, kisha wakasema mmoja mmoja, wote kwa upole, wote wakianza na kwamba hawamtaji mtu. Haluwa akasema ingefaa baadhi ya nyumba zisilete chakula. Mwingine akasema ingefaa watoto wa nyumba hizo waje na chakula chao na wakae kando kidogo wakila. Kando kidogo, alisema. Vichwa vikaitikia.

Kache akasema kutoka palepale mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu.

"Mtoto aliyezidiwa kuliko wote ni wangu. Mnasema nimemla mwanangu mwenyewe?"

Mwanamume mmoja nyuma, sitamtaja kwa kuwa wajukuu wake ni watu wema, akasema wapo waliofanya hivyo.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta nimesimama. Nikaanza kwa Sidi kwa sababu alikuwa mbele yangu.

"Sidi, Baya wako alikula mbaazi Jumamosi?"

"Baya na mbaazi?" Sidi akacheka kidogo. "Hata umchape hali."

"Na alitapika?"

"Mpaka alfajiri."

"Haluwa, mapacha walikula mbaazi?"

Haluwa akasema walikula, walikuwa kwenye ngoma. Nikamuuliza kama waliumwa. Akamtazama Mzee Katana. Nikamuuliza mama yake Fatuma, nikamuuliza baba yake Kahindi, kila mmoja kwa jina lake, na kila mmoja akasema mtoto wake alikula mbaazi na alilala salama. Mwalimu Muthoka alikuwa ameinua kichwa. Yeye alikuwa ameshajua ninakokwenda, nadhani.

"Mbaazi hazina kosa," nikasema. "Wali wa jungu nilipika Ijumaa. Ulilala kwangu na joto ndani ya blanketi. Nesi aliniuliza nikamwambia uongo."

Mama Fatuma ndiye aliyejibu kwanza. Huyu mdomo wake haukuwa na mlango. Akasema, "Kumbe mchawi wetu ndiye anayewapikia watoto uji kila siku." Watu wakacheka, wale walioaibika ndio wakacheka zaidi. Kache hakucheka. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akajifunga leso vizuri, akatoka, akaelekea njia ya zahanati.

Miezi mitatu hakunisemesha. Nilimpelekea maziwa ya mtoto, akayapokea mwanamke jirani. Mzee Katana alitaka niondolewe kabisa. Mwalimu Muthoka akasema uji nitaendelea kupika lakini mafiga ya harambee nisiyasogelee. Sikulalamika. Nilirudi kwa Nesi Eliza nikamweleza ukweli, na yeye hakunigombeza, alivuta kiti akanifundisha. Haya sasa yashikeni, ndiyo yaliyonifanya niandike. Alisema ndani ya mchele kuna kitu kidogo mfano wa mbegu, moto wa kupikia hauiui. Wali ukiwa wa moto sana, inalala. Wali ukipoa upesi, inalala. Lakini wali ukikaa vuguvugu saa nyingi, inaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo hainuki, haina ladha, na ukichemsha upya haitoki. Kwa hiyo blanketi langu lilikuwa limeilea. Ukipika wali mwingi, ama uupike uliwe papo hapo, ama uutandaze kwenye masinia, mwembamba, mahali penye upepo na umefunikwa kitambaa safi, kisha uwekwe panapopoza kweli. Jungu kubwa halipoi. Katikati yake hubaki na joto mpaka kesho.

Nilikwenda pia Barani kumwambia Bi Rukia kabla hajaambiwa na watu. Alinisikiliza huku akichambua mchele kwenye ungo. Akasema kila mara alikuwa ananiambia kuchelewesha moto, na hakuwahi kuniambia kwa nini, kwa sababu hata yeye hakujua kwa nini. Mamake alimwambia hivyo. Akasema angejua angeniambia. Kisha akanipa ungo niendelee, akaenda kuswali.

Harambee iliyofuata ilipokaribia, kamati ikauliza nani atasimamia jiko. Hakuna mkono ulioinuka. Nani anataka lawama? Kache akasema atasimamia yeye. Watu wakageuka. Akasema ana masharti. Hakuna kumwaga pamoja tena. Kila mama asimame kando ya sufuria yake, aseme mbele ya watoto moto aliuwasha saa ngapi na nani alimwona, kisha ale yeye kwanza. Nyinyi mnajua kwetu mwenye tembo la mnazi hunywa kwanza kabla ya kumpa mgeni. Hakuona sababu chakula cha watoto kiwe tofauti. Haluwa akanung'unika kwamba huko ni kutoaminiana. Kache akamjibu kwamba kuaminiana kwenyewe amekuona. Na akasema Mama Charo apewe sufuria moja ya wali, ndogo.

Siku yenyewe nilikuwa na sufuria yangu kwenye mafiga ya mwisho, karibu na ua. Kache akaanza upande ule mwingine. Nilimsikia akija, sufuria kwa sufuria, anauliza, anangoja jibu, anatazama mama wa watu anakula, anasogea. Watoto wanapanga mistari nyuma yake. Mbele ya Sidi mstari mrefu, mbele ya Kadzo mrefu. Akafika kwangu. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu ule mkutano.

"Huu umewashiwa moto lini?"

"Kengele ya pili ilipolia."

"Nani alikuona?"

"Sidi. Na Mama Fatuma, alikuwa anachota maji."

Mama Fatuma akaitikia kwa mbali kwamba ndiyo, na kwamba alinihesabia hata kuni.

"Kula," Kache akasema.

Nikala. Alinitazama nikitafuna mpaka nikameza, kama unavyomtazama mtoto anayepewa kwinini. Nilidhani atasogea. Hakusogea. Nikageuka kuona anatazama nini, na mbele ya sufuria yangu hapakuwa na mtu. Watoto walikuwa wamesimama mbali, sahani kifuani, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze, na mama zao wanajifanya hawaoni. Wali wangu unafuka moshi peke yake.

Kache akageuza shingo kuelekea mstari wa Sidi.

"Jumwa. Toka huko. Njoo usimame hapa."

Jumwa akaja na sahani yake ya plastiki. Alinitazama, akamtazama mamake, akaninyooshea. Nikampakulia. Hakwenda kukaa na wenzake. Alikula amesimama palepale mbele yangu, tonge kwa tonge, na mama yake hakuondoka mpaka sahani ilipobaki nyeupe.